Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa Mgeni Mwenye Kiti cha Magurudumu

Nilizuru Ngome ya Yesu asubuhi, kabla jua la Mombasa halijawa kali, nikisukumwa na mpwa wangu, na ninamshauri kila atumiaye kiti cha magurudumu asiende peke yake. Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya jabali la matumbawe walikusudia kumzuia adui, kwa hiyo njia ya kuingilia inapanda kwa mwinuko. Hapo ndipo nilipohitaji mikono yenye nguvu nyuma yangu, na wakati wa kutoka nikahitaji breki madhubuti.

Uwanja wa ndani ni wazi na mpana, nami niliweza kuitazama mizinga na kuta nene kwa utulivu. Kilichonigusa zaidi katika makumbusho ni vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani walipokuwa wameizingira, mwaka mmoja kabla ya kuiteka. Nilikaa mbele ya vitu hivyo kwa muda mrefu, na mpwa wangu, Mungu amjalie, hakunihimiza.

Juu ya kuta, penye mandhari ya bahari, hufikiwa kwa ngazi. Sikupanda, na nilisikitika kwa dhati. Ninatambua kwamba mawe ya kale, yaliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, hayafai kuchongwa upya, lakini mteremko wa mbao unaoweza kuondolewa ungetufaa sana. Atakayekwenda achague kiti chenye magurudumu mapana ya mbele.