Saa ya ukutani iliyonisaidia kurekebisha uwiano wa picha kwenye VLC

Nina faili kadhaa za video za familia zilizohamishwa kutoka kanda za zamani, na kwa muda mrefu kila nilipozifungua kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, watu walionekana wembamba na warefu kupita kiasi, kana kwamba wamebanwa mbavuni. Nilidhani kanda zilikwisha kuharibika. Siku moja nikaona nyuma ya wageni saa ya ukutani ambayo najua fika ni ya duara. Nikasimamisha video, nikaweka rula juu ya skrini, nikakuta kimo chake ni sentimita 4 na upana 3 tu.

Maelezo ya faili yalionyesha pikseli 720 kwa 576, vipimo vinavyotumika kwa picha ya 4:3 (upana 4 kwa kimo 3) na ya 16:9, iliyo pana zaidi, vilevile, kwa kuwa pikseli hizo si za mraba. Kinachozitofautisha ni alama iliyomo ndani ya faili, inayoiambia programu iitanue picha kwa kiasi gani. Aliyehamisha kanda zangu aliweka alama ya 4:3, ilhali kamera ilirekodi kwa 16:9.

Kwenye VLC nilianza kwa kubonyeza C, ambayo kumbe ni ya kukata picha: skrini ilijaa, lakini robo ya picha ilitoweka juu na chini, vichwa vikaenda nayo, na waliobaki wakawa wembamba vilevile. Herufi niliyoihitaji ni A. Kila ukiibonyeza, programu huhamia kwenye uwiano mwingine na kuuandika juu ya picha kwa muda mfupi. Ilipofika 16:9 nilirudisha rula, na saa ikawa 4 kwa 4. Nilichokipenda zaidi ni kwamba faili yenyewe haiguswi, kwa hiyo unaweza kujaribu bila hofu ya kuiharibu.

Kwa uvivu wangu, nilikwenda pia kwenye mipangilio ya video nikaandika 16:9 katika kisanduku cha kulazimisha uwiano. Kesho yake video za 4:3 zilizokuwa sawa tangu mwanzo zilijaa watu wenye nyuso pana kama sinia, nami nikachukua dakika kadhaa kukumbuka kwamba mkosaji ni mimi. Kisanduku hicho sasa ni kitupu, na A naibonyeza ninapofungua zile kanda za familia tu.