Biblia ya Union yenye itifaki, mama karanga (mkaanga samaki) wa Malindi nasema inunueni

Kwa wale wanaoniuliza Biblia gani ya kununua, mimi nawaambia bila kuzunguka, chukueni ile ya Union ya karatasi yenye itifaki, hata kama uko na apu kwa simu. Nimekaa nayo sasa hapa Malindi, na kwa hii kazi yangu ya kukaanga samaki hakuna kitabu kimenisaidia kuipanga siku yangu kama hiki. Ubaya wake pia upo nitausema.

Tafsiri yenyewe ni ile ya 1952, ile tumelelewa nayo kanisani, kwa hivyo maneno yake yako masikioni tayari. Itifaki ni ile orodha ya maneno iko nyuma baada ya Ufunuo, unatafuta neno unaonyeshwa aya zilizo nalo. Watu wengi hawafiki kule nyuma kabisa, mimi ndo naanzia huko, kwa sababu Biblia inatufundisha kwa vitu tunavyovishika kila siku, chumvi, taa, chachu, mbegu, nanga, na ukichukua kitu kimoja ukakifuata kitabu hadi kitabu kinaanza kukuelekeza namna ya kuishi, si kuhubiri tu.

Mimi nilianza na chumvi. Mathayo 5:13 kila mtu anaijua, ninyi ni chumvi ya dunia. Lakini ukiendelea unakuta Walawi 2:13 kila sadaka ya unga lazima itiwe chumvi, alafu 2 Wafalme 2 Elisha anatupa chumvi kwenye chemchemi ya Yeriko na maji yanapona, alafu Marko 9:50 muwe na chumvi ndani yenu mkae kwa amani, alafu Wakolosai 4:6 maneno yenu yawe na neema siku zote, yakikolea munyu, yaani chumvi hiyo hiyo. Ona vile imetembea, kutoka madhabahuni mpaka mdomoni mwa mtu.

Na sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa chumvi ni nini. Kule Gongoni na Marereni wanaingiza maji ya bahari kwa mabwawa jua linayakausha, na ile chumvi ghafi ikinyeshewa sana chumvi yenyewe inayeyuka inaenda zake, kinachobaki ni mchanga, ukimpaka samaki unatafuna changarawe. Wafafanuzi wengi wanasema hata chumvi ya kule kwa kina Yesu ilikuwa imechanganyika na udongo hivyo hivyo, ndo maana akasema inatupwa nje ikanyagwe. Alafu kitu kingine, samaki akikosa barafu chumvi ndo inamshika asioze, lakini haimshiki ikiwa ndani ya ndoo, lazima umchanje mbavuni uisugue iingie. Hapo mimi nilielewa kwamba kujitenga na watu eti umeokoka haisaidii mtu yeyote.

Pale tunapokaangia kuna jirani yangu tulikuwa tunavutana wateja, kila jioni maneno. Ile ya Wakolosai ndo ilinishika, kwa sababu munyu ukizidisha hakuna anayekula na ukikosa pia hakuna anayekula. Kwa hivyo kabla sijamjibu najiuliza kwanza, hili neno litamkolea ama litamchoma? Sikunyamaza, hapana, mambo ya wateja tuliyaongea yakaisha, ila tuliyaongea kama watu, na siku hizi akiishiwa mafuta anamtuma mtoto kwangu.

Jambo la muhimu sana ambalo hii itifaki inakuokoa nalo ni kushika aya moja tu na kukimbia nayo. Chachu kwa mfano, Mathayo 13:33 ni ufalme wa mbinguni, ukifika 16:6 ni mafundisho ya Mafarisayo ujihadhari nayo. Simba vile vile, Ufunuo 5:5 ni simba wa kabila la Yuda, 1 Petro 5:8 ni shetani anayetafuta mtu ammeze. Sasa mtu akikusimamia na aya moja akwambie uache dawa ama uuze kiwanja, mwambie ngoja kwanza tufungue nyuma tuone zingine zinasemaje. Hili naliombea kanisa kila siku.

Msimu wa kusi bahari ikichafuka mashua hazitoki, samaki wanakuwa ghali, hapo mimi nashika Waebrania 6:19, tumaini kama nanga ya roho. Nanga haizuii mawimbi, chombo kinarukaruka vile vile ila hakiendi. Hiyo ndo inanizuia kukimbilia mikopo ya simu karai likiwa tupu.

Ubaya sasa. Zipu ya kava imeshika kutu haraka sana, hewa ya hapa ina chumvi na waliotengeneza hawakufikiria watu wa pwani. Karatasi ni nyembamba, kalamu inatokea upande wa pili, tumia penseli. Itifaki yenyewe ni fupi haina kila aya, apu inakupa zote kwa sekunde, lakini kwa simu ujumbe wa M-Pesa ukiingia ushatoka kwa Neno, na stima ikipotea na chaji imeisha basi. Kiswahili chake pia kwa vijana ni kigumu, kijana wangu wa sekondari anasoma Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, tunaziweka mbili mezani jioni na inafaa sana hivyo.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda dukani, kabla hujalipa fungua baada ya Ufunuo uhakikishe itifaki iko, maana ziko za Union zinafanana nayo kabisa kwa nje na hazina, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti. Itisha ya maandishi makubwa kama unasomea taa ya kibandani, na kava ngumu isiyo na zipu.