Jezi ya Detroit Lions namba 97, baada ya miezi mitatu

Niliinunua jezi hii ya Lions, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Januari 2024 kwenye duka dogo hapa Detroit. Kitambaa chepesi, na ile bluu haijapauka. Naigeuza ndani nje na kuifua kwa maji baridi. Kasoro ni moja: ncha ya tarakimu 7 mgongoni ilianza kubanduka, na dukani wakakataa kunibadilishia. Nikaweka kitambaa juu, nikapiga pasi taratibu, ikashika. Inafaa kununua, ila kagua namba kwanza kabla hujalipa.

Namba yenyewe ni ya mchezaji wetu Aidan Hutchinson, tuliyemchukua wa pili kwenye drafti ya 2022, yaani zoezi la timu za ligi ya NFL kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mwaka 2024 drafti ilifanyika hapahapa mjini, kuanzia Aprili 25, na zamu tuliyopangiwa ilikuwa ya 29. Niliomba beki wa pembeni, basi! Januari 2024, kwenye mechi ya kuwania kwenda Super Bowl (fainali ya ligi) dhidi ya San Francisco, tulikwenda mapumziko tukiongoza 24-7, tukafungwa 34-31. Mpaka leo moyo unaniuma. Lakini Brad Holmes, meneja mkuu wetu, namwamini. Kwenye drafti ya 2023 alituletea wachezaji Gibbs, LaPorta na Branch kwa mkupuo. Jezi nimeshaifua, inakauka.