Tahadhari: hita ya sola ya "lita 300" isiyofika hata 200

Ndugu zangu, kuna wauzaji wanaopita nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba na hita za maji za sola. Wakishaondoka na hela, mimi ndiye ninayeitwa maji yakigoma kupata moto. Kazi yangu ni bomba, na mitambo yao nimeifungua ya kutosha kuijua hila yao kubwa. Watu huanza kulaumu jua au vioo, kumbe wizi uko kwenye tangi.

Muuzaji anakuja na karatasi safi: tangi lita 300, mirija 20 ya kioo, familia nzima mnaoga usiku na mchana. Ukiliangalia tangi unaona ni kubwa kweli, linang'aa juu ya fremu yake. Chukua tepu ulipime. Moja nililolipima mwenyewe lilikuwa na kipenyo cha sentimita 47 na urefu wa sentimita 180. Ukipiga hesabu unapata kama lita 312, na muuzaji atakuchekea: umeona, nimekuzidishia! Lakini hapo umepima koti tu. Chini ya koti kuna povu la kuzuia joto lenye unene wa sentimita 5 kila upande, na tangi linaloshika maji liko katikati ya hilo povu. Toa povu, kipenyo kinabaki sentimita 37 na urefu 170. Hizo ni lita 183. Umelipia 300.

Ukimbana, anakimbilia mirija. Ni kweli mrija mnene wa urefu wa mita 1.8 hushika kama lita 3, kwa hiyo mirija 20 ina lita 60. Jumlisha, unapata 243. Bado hajafika, na isitoshe maji ya ndani ya mirija hayashuki bafuni kwako. Unayooga ni yale ya tangini. Akianza kubishana kuhusu tepu, mwambie ajaze tangi kwa ndoo ya lita 20 mbele yako huku ukihesabu, kabla hujatoa senti. Wengi hapo hukumbuka wana mteja mwingine anawasubiri.

Sasa tufanye tangi ni lita 300 halisi. Je, mirija 20 itazipasha? Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Kwa makadirio ya ukarimu, mirija 20 inakusanya jua la eneo la mita 2 za mraba. Siku ya jua zuri, kila mita ya mraba hupokea kama yuniti 5, yaani kilowati-saa 5, hivyo jumla ni 10. Karibu nusu ndiyo inayoingia kwenye maji, iliyobaki inapotea. Yuniti moja hupandisha lita 860 kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo yuniti zako 5 zitapasha kama lita 107 kutoka nyuzi 20 hadi 60. Ukizitandaza kwenye lita 300, maji yanafika nyuzi 34 au 35 tu, yaani vuguvugu. Ndiyo maana mafundi wanaojiheshimu hukadiria lita 50 hadi 75 za tangi kwa kila mita moja ya mraba ya kukusanyia jua. Anayekuuzia lita 300 kwa mirija 20 ama hajui kazi, ama anajua sana.

Msitishwe na maneno ya "teknolojia mpya ya siri" pia. Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya hita ya maji ya jua mwaka 1891. Siri gani tena?

Halafu mirija yenyewe. Mrija mzuri una kuta mbili za kioo na katikati hakuna hewa, ni ombwe, ndilo linalozuia joto lisitoroke. Chini kwenye ncha utaona rangi ya fedha inayong'aa. Hiyo ni bariamu, imewekwa kunyonya mabaki ya hewa. Hewa ikiingia, ile fedha hugeuka weupe wa ukungu, na mrija huo umekufa hata kama haujapasuka. Wauzaji hawa huchanganya mirija iliyorudishwa na wateja wengine pamoja na mipya, na ncha inafichwa na kofia ya plastiki. Mwambie avue kofia zote, moja baada ya nyingine, mchana kweupe.

Povu nalo wanaliiba. Ukitaka kujua, subiri siku ya jua kali iishe, jioni upitishe kiganja kwenye koti la tangi, hasa kwenye maungio na kule mwishoni. Koti likiwa na joto, povu ni jembamba au kuna mahali halikumiminwa kabisa, na alfajiri utaamkia maji yaliyopoa.

Hili linawaumiza zaidi wafugaji. Mnakamua alfajiri, maji yamelala tangini usiku kucha, na kuosha mashine ya kukamulia mnataka maji ya nyuzi 70 na zaidi. Sola ikayaanzisha, boila au elementi ya umeme ikamalizia, ni mpango mzuri na gharama inapungua kweli. Lakini muuzaji anayemwambia mfugaji ang'oe boila kwa sababu mtambo wake "unafanya kazi hata bila jua" anamtafutia maziwa yaliyoharibika. Siku za mawingu mepesi maji hupata joto kidogo. Mawingu mazito ya siku mbili mfululizo, hakuna kitu.

Kuna pia suala la presha. Mitambo mingi ya bei rahisi ina mirija iliyochomekwa moja kwa moja tangini kwa mpira, na haikuundwa kubeba presha. Inatakiwa ilishwe na tangi dogo lililoinuliwa juu yake kidogo, maji yashuke yenyewe. Wao wanaiunga moja kwa moja kwenye pampu, mipira inaanza kuvuja, wanasema ni "maji yako ya chumvi". Muulize hivi: mrija mmoja ukivunjika, tangi linamwagika? Akijibu ndiyo, huo si mtambo wa presha, hata karatasi iandike nini.

Fundi wao akija kujaza maji saa sita mchana, mzuieni. Mirija mikavu iliyokaa juani hupita nyuzi 200, na maji baridi yakiingia ghafla kioo kinapasuka. Kisha mnaambiwa dhamana haihusu vioo. Mtambo unajazwa asubuhi mapema au jioni, au mirija ifunikwe kwanza.

Mpaka hapa ni hela tu. Kuna mambo mawili ya hatari. La kwanza ni valvu ya usalama: ikidondosha maji juani, baadhi yao huiziba kwa plagi ili mteja asilalamike. Tangi la presha lililozibwa pumzi linaweza kulipuka. Ikidondosha sana ibadilishwe, isizibwe kamwe. Na mdai pia valvu ya kuchanganya maji kabla ya bafu, kwa sababu maji ya nyuzi 60 humbabua mtu kwa sekunde chache, na mtoto hata upesi zaidi.

La pili nilikutana nalo kwenye mtambo wa koili, ule ambao maji ya kuoga hupashwa na kimiminika kingine kinachozunguka ndani ya bomba. Kimiminika kinachofaa ni propilini glaikoli. Mle ndani walikuwa wamejaza kulanti ya gari! Kulanti nyingi za gari ni ethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Koili ikitoboka kwa kutu, inaingia kwenye maji mnayosukutulia. Chupa iliyotumika kujazia muione kwa macho, msome ilichoandikwa.

Vyeti wanavyo, tena vya rangi. Cheti cha Solar Keymark, alama ya ubora ya Ulaya kwa mitambo ya sola, kina namba, na orodha yake iko wazi mtandaoni. Namba ikitoka kwenye bidhaa ya kampuni nyingine, mmeshamaliza mazungumzo.

Waliokwisha kutoa kianzio wasikubali kufungiwa kabla muuzaji hajaandika kwenye risiti: lita za ndani ya tangi, eneo la kukusanyia jua kwa mita za mraba, kama ni mtambo wa presha au wa mteremko, na kimiminika kilichomo kama una koili. Apige sahihi yake. Pigeni picha kibati cha tangi pamoja na namba zake kabla halijapandishwa juu ya paa, maana likishajazwa maji halishuki kirahisi.