Bodi ya PC817 kwenye pampu yangu: nyota nne

Nilinunua bodi hii ya optokapla nne za PC817 (kifaa kinachopitisha ishara bila waya za pande mbili kugusana), njia nne, baada ya kuunguza ESP32 ya tatu, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa. Ya tatu! Na kazi yenyewe ni ndogo tu: floti swichi (swichi inayoelea) ya kwenye simtanki inaiambia ESP32 kwamba maji yamejaa, nayo inazima pampu kupitia kontakta, swichi kubwa ya umeme inayovutwa na koili. Tatizo nililitengeneza mwenyewe. Waya wa floti, mita 40, niliupitisha bomba moja na waya wa pampu. Kontakta ikiachia, umeme unaruka hadi kwenye waya wa floti na kuishia kwenye pini ya ESP32 isiyotakiwa kuzidi volti 3.6.

Bodi nimeipata Kariakoo kwa shilingi 7,000. Ndani ya PC817 kuna taa ndogo inayomulika transista (swichi ndogo ya kielektroniki), kwa hiyo kinachovuka kwenda ESP32 ni mwanga tu. Floti naipa volti 12, na rezista ya kilo-omu 1 iliyopo kwenye bodi inapitisha kama miliampea 11. Inatosha.

Wiki ya kwanza niliona uvivu kutafuta adapta ya pili ya upande wa floti, nikaunganisha hasi za pande zote mbili, wa floti na wa ESP32. Optokapla ikawa pambo: kila pampu ikizima, ESP32 inajiwasha upya. Nilipotenganisha, kimya. Miezi minane sasa.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu taa ya PC817 haivumilii zaidi ya volti 6 umeme ukiingia kinyume, na bodi yangu haikuja na diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya kuilinda. Nimechomea diodi ya 1N4148 kinyumenyume kwenye njia ninayotumia, na P6KE15A, diodi ya kumeza umeme unaoruka, pale waya wa nje unapoingilia. Tena si ya kasi. Kwa maji sawa, kwa mapigo ya kasi sana, makumi ya maelfu kwa sekunde, nisingeithubutu.

Upande wa kutoka, ESP32 inapoamuru kontakta, bodi hii haikusaidii. Rilei yangu ya volti 12, swichi ndogo inayoiendesha kontakta, nimeiwekea diodi ya 1N4007 kwenye koili, imeze umeme unaoruka koili ikizimwa. Fundi mmoja akaniambia niweke diodi hiyo hiyo na kwenye kontakta. Hapana jamani, koili ile ni ya AC, nusu ya wimbi ingekuwa shoti! Pale nimeweka kapasita ya X2 (ya kuhimili umeme wa nyumbani) na rezista kwa mfuatano.

Njia tatu bado ziko wazi. Moja nitaipa floti ya kisimani, safari hii kwa bomba lake peke yake.