Betri ya 18650 kwa koili ya omu ndogo: uliza ampea kwanza, mAh baadaye

Anayetafuta betri ya 18650, ile ya duara ya kuchaji tena ya vepu (sigara ya umeme), huanza kwa kuuliza inakaa na chaji muda gani, yaani mAh zake. Kwa mvutaji wa koili (waya unaopasha moto kimiminika cha vepu) ya omu 0.2, omu zikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme, hilo ni swali la pili. La kwanza ni betri inatoa ampea ngapi mfululizo bila kuchemka.

Hesabu yake ni fupi. Betri iliyojaa ina volti 4.2, zigawe kwa omu za koili. Koili ya omu 0.5 inavuta ampea 8.4, ya 0.2 inavuta 21, ya 0.15 inavuta 28. Ya 0.1 inavuta 42, na hakuna 18650 ya kuubeba mzigo huo kwa usalama, muuzaji aseme atakalo. Hiyo ni hesabu ya modi (mwili wa vepu unaobeba betri) ya mekanika, isiyo na chipu ya kukata umeme mambo yakiharibika. Mwaka 2018 huko St. Petersburg, Florida, na mwaka 2019 huko Fort Worth, Texas, watu walifariki baada ya vepu kuwalipukia. Kama ndiyo kwanza unaanza, modi ya mekanika iache.

Modi yenye chipu huhesabiwa kwa wati. Gawa wati ulizoweka kwa 3.2, yaani volti za betri inayokaribia kuisha, kisha ongeza sehemu moja ya kumi inayopotelea kwenye chipu. Wati 60 kwa betri moja ni karibu ampea 21. Wengi hudhani betri ikiishiwa mzigo nao unapungua. Ni kinyume: volti zikishuka, chipu huvuta ampea nyingi zaidi ili wati zitimie. Modi ya betri mbili, gawa wati kwa mbili kwanza.

Betri zenyewe naziweka hivi, kuanzia iliyo bora. Namba moja ni Molicel P28A, mAh 2800. Kiwanda kinaiandikia ampea 35, ila mimi naihesabu kuwa ya 25, maana juu ya hapo joto linapanda haraka. Ya pili ni Sony VTC5A, mAh 2600 na ampea 25. Mwaka 2017 kampuni ya Murata iliinunua biashara ya betri ya Sony, na feki za VTC5A zimejaa. Ya tatu Samsung 25R, mAh 2500, ampea 20, inatosha kabisa kwa wati 50. LG HG2 ina ampea 20 pia na mAh 3000, naiweka bega kwa bega nayo. Samsung 30Q na Sony VTC6 zinasifiwa kwa mAh 3000, lakini zihesabu kwa ampea 15: usizipeleke zaidi ya wati 40.

Mkiani kabisa, na sitaki uinunue hata kwa bei ya karanga, ni betri yoyote iliyoandikwa mAh 6000 au 9900. 18650 halisi nyingi hazivuki 3600. Ipime kwenye mizani ya sonara: ya kweli ina gramu 45 hivi, za kughushi mara nyingi ni nyepesi mno.

Ujue pia kwamba Samsung, LG na Sony wenyewe wameonya kwamba seli hizi zimetengenezwa kufungwa ndani ya pakiti yenye saketi ya ulinzi, si kuuzwa mojamoja kwa wavutaji. Basi ulinzi uliobaki ni wako. Kagua ganda la plastiki kila unapochaji. Likichanika hata kidogo, ivalishe betri jipya kabla ya kuitumia, kwa sababu pembeni kote ni hasi, hadi karibu na kichwa. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Kikasha cha plastiki ni bei rahisi, kinunue siku hiyohiyo.

Za modi ya betri mbili zinunue pamoja, ziandike A na B kwa kalamu ya wino, zichaji pamoja kwa ampea 1, na moja ikifa zitoe zote mbili.