Tahadhari: mawakala wa "weiva ya uhakika" kwa wenye kesi za zamani

Ndugu zangu mlioko Kanada, kuna mawakala wanazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp wakiuza weiva ya kuingia Marekani kwa wenye kesi za zamani. Wanasema ni ya uhakika, ya maisha, na wana mtu wao mpakani. Msiwape hela. Shemeji yangu ameshapigwa, na jamaa bado wanatangaza.

Weiva ni ruhusa maalumu anayoomba mtu ambaye rekodi yake ya jinai inamzuia kuingia Marekani. Anayeamua ni serikali ya Marekani peke yake, kupitia idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, CBP. Hakuna weiva ya maisha: ndefu kabisa ni ya miaka 5, ikiisha unaomba upya. Ukikataliwa, ada hairudi. Sasa huyo wakala uhakika anautoa wapi?

Lililoniuma zaidi ni barua. Shemeji alihukumiwa zamani kwa wizi mdogo wa dukani. Siku alipofanikiwa kuona nakala ya faili lake, akakuta barua ya kujieleza imeandikwa kwamba anajutia kuendesha gari amelewa na kwamba ameacha pombe. Mtu ambaye hajawahi kuionja! Ni barua ya mteja mwingine, wamebadilisha jina tu, na chini kuna sahihi yake, aliyosainishwa kwenye karatasi tupu. Huo si uzembe wa kuchekewa. Ukionekana umeidanganya serikali ya Marekani kwa makusudi, unaweza kuzuiwa kuingia maisha yako yote, na hapo kosa jipya linakuwa zito kuliko lile la zamani.

Kuna wanaouziwa weiva wasiyoihitaji kabisa. Hukumu moja ya kuendesha umelewa, bila mambo mengine juu yake, kwa kawaida haikuzuii kuingia. Kosa ulilotenda kabla ya kutimiza miaka 18 nalo lina nafuu yake kisheria. Wakala hakuulizi ulihukumiwa kwa kosa gani, wala mwaka gani. Anakuuliza utalipa lini.

Na hapa wengi wetu tunaliwa: fomu I-192 ya kuombea weiva, ambayo ada yake tangu Aprili 2024 ni dola 1,100 za Marekani, ni ya raia wa Kanada na wengine wachache wasiohitaji viza. Wewe mkazi wa kudumu mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo unahitaji viza kwanza. Ombi lako la weiva linapitia kwa ofisa wa ubalozi mdogo siku ya usaili, bila fomu hiyo na bila ada yake. Wakala akikudai hela za I-192 na hajauliza hata pasipoti yako ni ya wapi, ondoka.

Usikubali pia ukiambiwa, "Kanada imeshakufutia rekodi, kwa hiyo mpakani sema huna kesi." Marekani haiutambui msamaha huo wa Kanada, na kumbukumbu zao zinaweza kuwa na jina lako bado. Ukiulizwa, sema kweli.

Leseni ya mshauri wa uhamiaji wa Kanada, hata kama ni halali na imening'inizwa ukutani, ni ya sheria za Kanada. Kwa mambo ya Marekani tafuta wakili wa sheria za uhamiaji za huko. Raia wa Kanada anaweza pia kujaza ombi mwenyewe kwenye mfumo wa CBP uitwao e-SAFE, kisha akafika mpakani kutoa alama za vidole. Kazi kubwa ni kukusanya karatasi: majibu ya alama za vidole kutoka RCMP, yaani polisi wa taifa wa Kanada, na kumbukumbu za mahakama kwa kila hukumu. Inachosha, lakini inawezekana.

Kama umeshalipa, dai leo nakala ya kila kitu kilichopelekwa kwa jina lako, na urudishiwe karatasi zako halisi za RCMP na mahakama. Tunza risiti na meseji zote, usizifute hata zile za matusi, kisha katoe taarifa polisi na kwenye kituo cha taifa cha Kanada cha kupambana na utapeli. Ukikuta barua yenye uongo, mpelekee wakili kabla hujakanyaga mpakani.